LUGHA YA KAZI NA LUGHA YA NYUMBANI: FUNZO LA NJIA YA MISAFARA YA TABORA

Mwezi wa Julai, 1858, Mwingereza John Hanning Speke aliondoka Kazeh, karibu na mji wa Tabora wa leo, kwenda kulitafuta ziwa kubwa ambalo wafanyabiashara Waarabu walisema liko upande wa kaskazini. Speke hakujua Kiswahili wala Kiarabu. Lugha pekee iliyomwezesha kusemezana na watu wa msafara ilikuwa Kihindustani, alichokiokota alipokuwa askari Uhindi. Mkalimani wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni na kupelekwa Uhindi utumwani, akajifunza lugha hiyo huko. Hivyo kila swali la Speke liligeuzwa kwanza kuwa Kiswahili, kisha mtu wa tatu akaligeuza katika lugha ya wenyeji, na jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo.

Mwezi wa Agosti Speke alirejea Kazeh akiamini kwamba ameliona ziwa ambamo mto Naili huanzia. Mwenzake, Richard Burton, aliyekuwa amebaki Kazeh akikusanya maneno ya lugha za bara, hakukubali. Mojawapo ya hoja zake ilikuwa kwamba habari iliyopita katika vinywa vya watu kadhaa, kila mmoja akiielewa nusu, haiwezi kuaminika. Baadaye ilithibitika kwamba Speke alisema kweli. Hata hivyo, shaka ya Burton haikuwa ya bure, kwani kazi nyingi huharibika, na watu wengi hukosana, kwa sababu ya neno lisiloeleweka.

Udhia wa namna hiyo haukwisha pamoja na misafara. Karani hupokea waraka wa Kiingereza ambao hana hakika nao. Mkulima wa tumbaku wa Urambo husoma maelezo ya dawa ya wadudu kwa lugha asiyoimudu. Muuguzi hulazimika kumfasiria mgonjwa yaliyoandikwa juu ya kisanduku cha vidonge. Watu hao hurudi nyumbani wamechoka, na huko huwakuta watoto ambao nao wanahangaika na Kiingereza cha shule. Je, mzazi wa namna hiyo anaweza kumsaidia mtoto wake? Historia ya Tabora, pamoja na utafiti wa miaka ya karibuni, huonyesha kwamba anaweza.

Shule isiyo na ubao

Katika karne ya 19, njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, na kufika Ujiji kwenye ziwa Tanganyika. Ilikuwa njia ya pembe za ndovu, nguo na shanga. Ilikuwa pia njia ya watumwa, na mateso yao hayafai kusahauliwa. Wanyamwezi walisifika kwa kazi ya upagazi. Mzigo wa nguo kwa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na safari ilichukua miezi.

Wapagazi hao hawakufundishwa Kiswahili darasani. Walikijua kwa sababu kazi ilikidai. Mpagazi alihitaji kumwelewa mnyapara aliyesimamia watu, kudai posho yake, kusikiliza mapatano ya hongo iliyotozwa na watemi ili msafara upite, na kulalamika mzigo ulipozidi. Maneno hayo hayo yangali yakitumika makazini hadi leo, ingawa maana zake zimesogea: posho si chakula cha njiani tu bali pia malipo ya safari na vikao, na hongo imekuwa jina la rushwa. Wanawake na watoto walisafiri pia katika misafara mingi ya Wanyamwezi, nao wakaisikia lugha hiyo kambini kila jioni. Kiswahili kilienea hivyo hadi ng'ambo ya ziwa Tanganyika, katika nchi ya Manyema, bila kitabu wala mtihani. Nacho Kinyamwezi hakikufa. Mtu aliongeza lugha ya pili juu ya ile ya kwanza.

Mambo matatu yalifanya kazi hapo: haja ya kweli, watu halisi wa kuzungumza nao, na marudio ya kila siku.

Sikio la mtoto

Utafiti wa kisayansi umeyathibitisha mambo hayo kwa njia nyingine. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees, watafiti wa Kanada, walionyesha kwamba mtoto mchanga wa miezi sita hivi huweza kupambanua sauti za lugha ambazo hajapata kuzisikia nyumbani. Afikapo mwaka mmoja, uwezo huo hupungua sana, na sikio lake hushika zaidi sauti za lugha inayomzunguka.

Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa mjini Seattle, Marekani, walichukua watoto wa miezi tisa waliozoea Kiingereza, wakawakutanisha na wasemaji wa Kichina mara 12. Wasemaji hao walicheza nao na kuwasomea vitabu. Watoto hao waliweza kupambanua sauti za Kichina. Wengine walipewa Kichina hicho hicho kwa njia ya televisheni au kanda ya sauti. Hao hawakujifunza kitu kilichoweza kupimika. Kwa mtoto mdogo, basi, chombo hakishiki nafasi ya mtu anayemtazama usoni na kungoja jibu.

Makosa ya mtoto nayo yana maana. Mtoto anayesema "kuja!" badala ya "njoo!" huenda hakuiga kosa la mtu. Amekwisha kusikia "kula!" na "kunywa!", akaunda kanuni, na kuitumia mahali ambapo lugha imeweka neno la pekee. Kumcheka ni kuiadhibu akili inayofanya kazi. Inatosha mzazi kulirudia neno sahihi katika jibu lake, na mazungumzo yakaendelea.

Mzazi aliyechoka

Mzazi hahitaji kuwa mwalimu. Dakika 15 za kila jioni zafaa kuliko saa mbili za Jumamosi, kwa maana tangu Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alipochapisha majaribio yake mwaka 1885 imejulikana kwamba jambo jipya husahaulika upesi, na kwamba marudio yaliyogawanywa katika siku mbalimbali hulihifadhi kuliko marudio ya mfululizo.

Vifaa vimo nyumbani: mfuko wa mbolea, pakiti ya mbegu, kisanduku cha dawa. Mtoto na asome maandishi ya Kiingereza, kisha amweleze mzazi kwa Kiswahili au Kinyamwezi. Mzazi asiyejua Kiingereza anaweza kuuliza: "Kipimo ni kiasi gani? Mbona wamekataza kuchanganya?" Maswali hayo humlazimisha mtoto kutafuta maana, si kukariri matamshi. Hata udhia wa kazini waweza kuwa somo. Waraka uliomsumbua baba mchana, kama si wa siri, unaweza kusomwa na wote wawili usiku. Hapo mtoto huona haja ya kweli ya lugha, kama mpagazi alivyoiona. Lakini jioni ambayo hasira za kazini hazijapoa, heri somo liahirishwe, kwani mtoto anayeogopa huchagua kunyamaza.

Wala si lazima kuiacha lugha ya nyumbani. Mtoto aliyekwisha kuelewa kwa Kiswahili jinsi maji yanavyogeuka mvuke ana kazi moja tu iliyobaki, yaani kujua jina la jambo hilo kwa Kiingereza. Asiyeelewa katika lugha yoyote ana kazi mbili kwa wakati mmoja. Walimu wa Kidato cha Kwanza, ambao hupokea wanafunzi wengi waliosoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, wanaujua vizuri uzito huo.

Kijana hajachelewa

Wanafunzi wa sekondari wasikate tamaa. Mwaka 1978 Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle walichapisha uchunguzi wao juu ya wasemaji wa Kiingereza waliohamia Uholanzi. Katika mwaka wa kwanza, vijana wa miaka 12 hadi 15 waliwapita mbali watoto wa miaka 3 hadi 5 katika kujifunza Kiholanzi. Mtoto mdogo humshinda mkubwa katika lafudhi, hasa baada ya miaka mingi. Kijana hutangulia katika kushika sarufi na msamiati.

Mfano uko Tabora kwenyewe. Julius Nyerere alilelewa katika Kizanaki, akaanza shule Musoma mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12 hivi, na ndipo alipojifunza Kiswahili. Mwaka 1937 aliingia shule ya serikali ya Tabora, ambako masomo yalikuwa kwa Kiingereza. Baadaye, kuanzia mwaka 1946, alifundisha katika shule ya Mtakatifu Maria mjini humo. Mtu huyo ndiye aliyetafsiri tamthiliya mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, na zote mbili zilikuwa zimechapishwa kufikia mwaka 1969.

Walimu wa Tabora, Urambo na Ujiji wanaweza kuwapa wanafunzi zoezi lifuatalo. Kila mmoja akusanye nyumbani maneno kumi ya kazi ya mzazi wake, ayaandike kwa lugha ya nyumbani, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na amwombe mzazi aeleze kila neno hutumika lini. Neno lisilopatikana katika lugha mojawapo lijadiliwe darasani.