Fedha Ndani ya Nusu Baiti: COBOL na Safu za DB2

Lugha ya programu ya COBOL, ambayo maelezo yake rasmi ya kwanza yalitolewa mwaka 1960 na kamati iliyoundwa nchini Marekani mwaka mmoja kabla, husemwa vibaya zaidi na watu ambao hawajawahi kuisoma, na lawama inayorudiwa mara nyingi ni kwamba haipatani na hifadhidata. Makosa mengi inayobebeshwa hutokea mahali pamoja tu, yaani pale safu ya jedwali la hifadhidata, tuseme DB2 ya IBM, inapokabidhi thamani yake kwa kibadilika, ambacho ni sehemu ya kumbukumbu iliyopewa jina ndani ya programu, na mwandishi wa programu akawa amekisia ukubwa wa kibadilika hicho badala ya kuusoma katika maelezo ya jedwali.

Jambo linalostahili kutazamwa kwa utulivu ni namna fedha zinavyohifadhiwa. Safu iliyotangazwa kuwa DECIMAL(9,2), yenye tarakimu tisa ambazo mbili kati yake huja baada ya nukta, hulingana na kibadilika kilichoandikwa PIC S9(7)V99 COMP-3, ambapo S huruhusu alama ya hasi, 9 husimama badala ya tarakimu, na V huonyesha mahali pa nukta ambayo yenyewe haihifadhiwi popote. COMP-3 huagiza desimali iliyofungashwa: kila baiti hugawanywa nusu mbili, kila nusu hubeba tarakimu moja, na nusu ya mwisho huachiwa alama. Kwa kuwa nusu baiti ina hali 16 na tarakimu ni kumi tu, hubaki hali sita ambazo huandikwa kwa herufi A hadi F, na kati ya hizo C hutumika kwa chanya na D kwa hasi. Hivyo kiasi cha 12,345.67 hukaa katika baiti tano kama 00 12 34 56 7C, na mtu anayechunguza kumbukumbu ya kompyuta hukisoma kwa macho bila kukokotoa chochote. Kutokana na mpango huo, DECIMAL(8,2) nayo huchukua baiti tano zilezile huku nusu moja ikikaa bure, na ndiyo maana wajuzi hupendelea idadi ya tarakimu isiyogawanyika kwa mbili.

Umbo hili lina sababu nzito. Sehemu moja ya kumi haiwezi kuandikwa kikamilifu katika namba za jozi zenye nukta inayoelea, kama vile theluthi moja isivyokamilika katika desimali, ilhali katika desimali iliyofungashwa senti kumi ni senti kumi. Kompyuta za System/360, zilizotangazwa na IBM mwaka 1964, zilikuwa na maagizo ya kukokotoa namba za namna hii ndani ya mashine yenyewe. Inasikitisha, basi, kuona programu mpya za malipo zikihesabu fedha kwa nukta inayoelea, huku zile za zamani zilizokuwa sahihi zikitupwa kwa sababu ya umri wake tu.

Kulingana kukikosekana, kosa la kelele ndilo jema. Nafasi tupu za maandishi zikiingizwa katika kibadilika cha COMP-3, nusu ya mwisho haitakuwa na alama inayotambulika, na hesabu ya kwanza itakayokigusa huisimamisha programu kwa msimbo S0C7, ambao wahudumu wa kompyuta kuu wanaufahamu na kuuchukia. Kosa la kimya ndilo la kuogopwa zaidi: safu ya riba yenye tarakimu nne baada ya nukta ikisomwa katika kibadilika chenye mbili, DB2 hukata zinazozidi, na 7.1275 hugeuka 7.12 bila programu kusimamishwa. Vivyo hivyo, safu ya SMALLINT hupokea namba hadi 32,767, lakini kibadilika kinacholingana nayo, PIC S9(4) COMP, yaani namba ya jozi, kimetangazwa kwa tarakimu nne, na ikiwa programu ilitafsiriwa kwa chaguo la TRUNC(STD), linalokata tarakimu zinazozidi tangazo, 12,345 ikihamishiwa katika kibadilika kingine cha aina hiyo hubaki 2,345. Dawa yake, COMP-5, hufuata ukubwa halisi wa baiti, na wanaoitumia ni wachache kuliko inavyofaa.

Ukubwa wa safu nao una nchi yake, kwani DECIMAL(9,2) huishia 9,999,999.99, kiwango kikubwa kwa dola lakini kidogo kwa shilingi za Tanzania, ambako mkopo wa biashara ya kawaida huweza kuzidi milioni kumi. Ujuzi wa mambo haya umeachwa ufifie pamoja na wastaafu, hata Aprili 2020 gavana wa jimbo la New Jersey nchini Marekani, Phil Murphy, akaomba hadharani watu wa kujitolea wanaojua COBOL.

Ulinganifu uliobaki ni mwepesi: INTEGER kwa PIC S9(9) COMP, BIGINT kwa S9(18), CHAR kwa PIC X, DATE kwa PIC X(10), VARCHAR kwa kundi lenye sehemu mbili za ngazi ya 49, urefu kisha maandishi, na thamani isiyojulikana kwa kiashiria cha baiti mbili kinachopokea namba hasi, ambacho kikisahaulika huleta msimbo wa kosa -305. Matangazo yote hayo huandikwa na chombo kiitwacho DCLGEN, kwa hiyo anayekisia hana udhuru.