Matanga yameisha, majonzi hayajaisha: ni msiba au ni ugonjwa?

Tuseme jirani yako amefiwa na mume. Huu ni mwezi wa nane. Hapiki, hatoki, na ukienda kumsalimia mazungumzo yote yanarudi kwa marehemu. Shangazi zake wanasema, "Mwacheni, ndiyo msiba huo." Binti yake anayesoma chuo anasema, "Mama anaumwa, apelekwe hospitali." Nani yuko sahihi?

Kabla hujajibu, ujue kwamba hata miongozo miwili mikubwa ya magonjwa ya akili haikubaliani juu yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, ulioanza kutumika Januari 2022, unasema ugonjwa wa majonzi ya muda mrefu unaweza kutajwa baada ya miezi 6. Mwongozo wa Marekani, DSM-5-TR, uliotoka Machi 2022, unataka miezi 12 kwa mtu mzima na 6 kwa mtoto. Yaani jirani yako leo anaweza kuwa mgonjwa kwa kitabu kimoja, na kwa kingine bado.

Wanatafuta nini hasa?

Kulia tu si ugonjwa. Kiini chake ni hamu kali ya marehemu, au mawazo yaliyomganda yeye tu, karibu kila siku. DSM-5-TR inaongeza dalili 8, na mtu awe na angalau 3: kuhisi sehemu yake imekufa, kutoamini kwamba mtu ameondoka, kukwepa vitu vinavyomkumbusha, maumivu makali ya moyo, kushindwa kurudi kwenye maisha, ganzi ya hisia, kuona maisha hayana maana, na upweke mkubwa.

Kwa nini tusiseme tu ni sonona? Kwa sababu mwenye sonona mara nyingi hapati raha wala hamu ya kitu chochote, wakati huyu hamu anayo, tena kubwa, ila yote imeelekea kwa mtu mmoja ambaye hayupo. Tofauti hiyo inagusa matibabu. Katika utafiti wa Katherine Shear na wenzake uliochapishwa Marekani mwaka 2016, dawa ya sonona iitwayo citalopram haikuongeza nafuu ya majonzi yenyewe. Kilichosaidia ni tiba ya mazungumzo ya vikao 16 iliyotengenezwa kwa ajili ya majonzi. Ukikosea jina la tatizo, unaweza kumpa mtu dawa akabaki na msiba wake uleule.

Kalenda ya nani?

Miongozo yote miwili ina sharti jingine: majonzi yawe yamezidi kile ambacho jamii, utamaduni au dini ya mtu inakitarajia. Hapo ndipo kazi ilipo. Mjane Mwislamu wa Unguja anakaa eda miezi 4 na siku 10. Akijifungia ndani kipindi hicho, anatimiza wajibu wake. Akiendelea kujifungia mwezi wa kumi, huenda ndugu zake wakawa wa kwanza kushtuka. Kwa Wajaluo, mjane huitwa chi liel, mke wa kaburi, na jina hilo halifutiki baada ya miezi 6. Nchini Rwanda, taifa zima huingia kwenye maombolezo kila tarehe 7 Aprili, kwa siku 100, na miili ya waliouawa mwaka 1994 imeendelea kupatikana na kuzikwa miaka mingi baadaye. Ambaye hajamzika mtu wake, umwanzishie hesabu ya miezi siku gani?

Hata hivyo, tusikimbilie kusema "ni mila tu". Watafiti walipowahoji wajane na yatima 400 walionusurika mauaji hayo ya kimbari, asilimia 8 walikuwa na dalili za ugonjwa huu. Wengi wao hawakuwa nao, pamoja na yote waliyopitia. Hao 8 katika kila 100 walihitaji msaada, na kuwaambia kila mtu alifiwa kusingewatibu.

Maswali nayo yana lugha yake

Madodoso mengi ya majonzi yaliandikwa kwanza kwa Kiingereza. Jaribu kutafsiri ile hamu ya marehemu. "Unamtamani?" Hapana, utamkosea heshima mjane. "Unamkumbuka kila siku?" Nani atajibu hapana? Kila mfiwa atapata alama. Labda "Una hamu naye kiasi kwamba huwezi kufanya lolote?" ingekaribia. Tatizo la kukwepa kumbukumbu ni hilohilo. Familia ikigawa nguo za marehemu baada ya arobaini, hiyo ni desturi, hakuna anayekwepa. Na kama kaburi liko hapo uani, mtu atalikwepaje?

Ndiyo maana daktari mzuri hamalizi na dodoso. Anamuuliza mgonjwa, na kwa ruhusa yake anawauliza ndugu: kwenu, aliyefiwa hivi anatarajiwa aweje kufikia sasa? Wazee wanaonaje, yuko kama wajane wengine?

Turudi kwa jirani yako

Shangazi wanajua desturi, binti anaona mama anavyodidimia. Wote wana kipande cha ushahidi. Usihesabu miezi peke yake. Angalia mwelekeo: je, kuna siku nyepesi kidogo kuliko mwanzo, au kila mwezi ni kama siku ya mazishi? Anakula? Analala? Na yeye mwenyewe anasemaje?

Akisema anataka kumfuata marehemu, usingoje mwezi wa sita wala wa kumi na mbili. Usimwache peke yake, na mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Hilo halihitaji kitabu chochote kukubaliana na kingine.