Kigelegele si Kelele

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kasongo, mkoani Maniema, Kongo, lakini wengi wananijua kwa ulimi wangu. Bibi harusi akitokeza mlangoni, macho yote hunigeukia: mwalimu, anzisha! Alinifundisha mama mkubwa, mzaliwa wa Kabambare. Pumzi itoke tumboni, sauti ipande hadi juu kabisa, kisha ulimi ucheze kulia na kushoto bila kusita, kiganja kikikinga mdomo. Pumzi moja, kigelegele kimoja. Wenzako wakiitikia, hapo ndipo vinapokuwa vigelegele.

Jina lenyewe linaiga kazi hiyo: gele-gele, ulimi unakwenda na kurudi. Midomoni mwetu vi- hugeuka bi-, tunasema bigelegele. Makofi yana asili nyingine. Kofi ni kiganja cha mkono. Likitua shavuni ni ugomvi, viganja viwili vikikutana ni sifa. Makofi, vifijo na nderemo ni vya kila mtu. Kigelegele ni cha wanawake, nacho hutangaza jambo: mtoto amezaliwa, ndoa imefungwa, msafiri amerudi salama. Jirani asiyeona kitu husikia, akajua kuna heri.

Maneno haya ya Kiswahili yalifika Maniema kwa miguu. Misafara kutoka pwani ilipita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikashika njia ya Kabambare hadi Kasongo na Nyangwe. Mfanyabiashara Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliweka makao Kasongo katika miaka ya 1870, na mji ulibaki mikononi mwa watu wa pwani na Wangwana, wafuasi wao Waislamu, mpaka majeshi ya afisa Mbelgiji Dhanis yalipouteka Aprili 1893. Ilikuwa njia ya pembe na ya watumwa, na uchungu wake haufutiki. Lakini lugha iliyobaki ndiyo Wabangubangu, Wakusu na Wazimba wanayoitumia kufurahi pamoja. Sauti ya kigelegele, kwa upande wake, haina mwenyewe mmoja: Wanyarwanda na Wabemba huiita impundu, Waarabu zagharidi.

Kushangilia kuna adabu zake. Kwenye Maulidi, mtu huita takbiri na umati ukaitikia. Masheikh wengi hawapendi makofi kwenye ibada, kwa kuwa Sura Al-Anfal, aya ya 35, inalaumu miluzi na makofi ya makafiri mbele ya Al-Kaaba. Kwa Wakatoliki, misale ya Zaire, jina la zamani la Kongo, iliyoidhinishwa Roma mwaka 1988 imeyapa makofi na dansi nafasi ndani ya misa. Harusini wote tunakutana kwenye kigelegele.

Wazee wanakumbuka pia makofi ya lazima. Enzi za Rais Mobutu, wanafunzi na wafanyakazi walipangwa mistari kumwimbia, kumchezea na kumpigia makofi kiongozi, wapende wasipende. Mikono hutii amri. Kigelegele cha kulazimishwa hukatika njiani, na kila mwanamke aliyesimama karibu anakijua. Ndiyo maana mimi nakithamini kuliko makofi.

Siku hizi waongoza sherehe wanatukatiza. Mama anapandisha sauti, spika zinaanza kunguruma muziki, na mabinti hawapati kusikia ulimi unavyochezeshwa. Nawaomba nyinyi mnaoshika maikrofoni: bibi harusi akiingia, zimeni muziki kidogo, waacheni akina mama wamalize. Nanyi mabinti, simameni karibu nao, mjaribu.