Je, Wajua? Sikio, Kidole Gumba na Kuhani wa Israeli

Je, wajua kwamba siku Haruni alipowekwa wakfu kuwa kuhani, kazi karibu yote aliifanya Musa? Soma Mambo ya Walawi sura ya 8. Musa alimwosha kwa maji mbele ya mkutano, akamvika kanzu, mshipi, joho na naivera, akamwekea kilemba chenye bamba la dhahabu, kisha akammiminia mafuta kichwani. Katika sura nzima Haruni hasemi hata neno moja. Na huyu ndiye aliyewatengenezea watu ndama wa dhahabu chini ya Sinai! Ukuhani haukuwa tuzo ya mtu safi.

Je, wajua kwamba karibu kila hatua ya ibada ile inafungwa kwa taarifa ile ile, kwamba ilifanyika kama Bwana alivyomwagiza Musa? Wengi huyaruka marudio hayo. Yasome kwa sauti, utasikia sura inataka kusema nini.

Mafuta ya kutia wakfu je? Manemane shekeli 500, mdalasini 250, kane 250, kida 500, pamoja na hini moja ya mafuta ya zeituni. Aliyethubutu kuyaiga kwa matumizi yake alikatiliwa mbali na watu wake.

Je, wajua damu ya kondoo dume wa pili aliyechinjwa katika ibada ile ilipakwa wapi? Kwenye ncha ya sikio la kuume la Haruni, kidole gumba cha mkono wake wa kuume, na kidole kikubwa cha mguu wake wa kuume. Mzee aliyekwisha kupita miaka 83 anasimama kimya, damu ingali mbichi sikioni. Kisha wanawe nao wakapakwa vivyo hivyo. Maandiko hayatoi maelezo, lakini Wakristo tangu zamani wamesoma hapo kwamba sikio ni la kusikia agizo, mkono ni wa kulitenda, mguu ni wa kuliendea. Mimi natazama mpangilio: sikio limetangulia. Kuhani asiyesikia hana cha kufanya madhabahuni.

Na je, wajua ni nani mwingine aliyepakwa damu mahali hapo hapo patatu? Mwenye ukoma aliyepona! Ni sura ya 14 ya kitabu hicho hicho, na juu ya damu aliongezewa mafuta. Mtu aliyekuwa akiishi peke yake nje ya kambi alirudishwa nyumbani akiwa na alama za kuhani. Natamani jambo hili lihubiriwe mara nyingi zaidi.

Baada ya hapo, Haruni na wanawe walikaa mlangoni mwa Hema ya Kukutania siku saba, usiku na mchana. Kutoka ilikuwa kufa.

Je, wajua kwamba sadaka ya kwanza ya Haruni siku ya nane, alipoanza kazi, ilikuwa ndama kwa ajili ya dhambi yake mwenyewe? Siku hiyo moto ulitoka mbele za Bwana ukaiteketeza sadaka madhabahuni, na watu wakaanguka kifudifudi.

Mistari inayofuata inauma. Nadabu na Abihu, wana wakubwa wa Haruni, walikuwa wamepanda Sinai pamoja na wazee 70. Damu ilikuwa imegusa masikio yao, na siku saba walizitimiza. Wakatwaa vyetezo, wakatia moto ambao Bwana hakuwaagiza, na moto ukawala. Haruni akanyamaza. Binamu zake, Mishaeli na Elsafani, wakawabeba nje ya kambi wakiwa bado na kanzu zao. Haruni na wanawe wawili waliobaki walikatazwa hata kurarua mavazi yao kwa maombolezo, kwa kuwa mafuta ya Bwana yalikuwa juu yao. Kosa linalotajwa pale ni moja: hawakuagizwa.

Je, wajua kwamba kisa cha kuhani mkuu kufungwa kamba mguuni, ili avutwe akifia patakatifu pa patakatifu, hakimo katika Biblia? Kinatokana na maandishi ya Kiyahudi ya Zama za Kati. Njuga kwenye pindo la joho, hizo zimo: Kutoka sura ya 28.

Mfalme Uzia wa Yuda alipoingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi iliyokuwa ya makuhani tu, makuhani 81 walimkabili. Ukoma ukamtokea kwenye paji la uso, pale pale kuhani mkuu alipovaa bamba la dhahabu.

Je, wajua kwamba mwaka 1979, huko Ketef Hinnom mjini Jerusalem, vilipatikana vikaratasi viwili vya fedha vyenye maneno ya baraka ya makuhani? Ni vya kabla ya Kristo kwa karne sita hivi au zaidi.

Na je, wajua kwamba Yesu, kuhani mkuu wetu, hakutoka kabila la Lawi? Alitoka Yuda, na waraka kwa Waebrania unamtaja kuwa kuhani kwa mfano wa Melkizedeki. Hakuhitaji ndama kwa ajili yake mwenyewe, lakini waraka huo huo unasema alijifunza kutii kwa yale aliyoteswa. Matendo ya Mitume 6:7 inaeleza kwamba, Jerusalem kwenyewe, makuhani wengi waliitii imani ya Yesu.