Kutoka Noonkopir hadi Darasa la Ng'ambo

Mkokoteni uliosheheni mitungi ya maji ukisukumwa kwenye vichochoro vya mtaa wa Noonkopir unaeleza mengi kuhusu mji wa Kitengela, Kenya. Malisho ya Wamaasai yalikatwakatwa yakawa ploti, na sensa ya 2019 ikahesabu wakazi 154,436 mjini. Kijana anayeitisha vikao vya mtaa kuhusu maji, taka na mitaro hapa ana kazi, ingawa hana mshahara.

Vijana wa aina hii ndio waliolengwa na ufadhili wa Mandela Washington, ulioanza 2014 chini ya Rais Barack Obama wa Marekani. Mwaka huo Waafrika 500 walichaguliwa, wengi wao wa umri wa miaka 25 hadi 35. Walikaa wiki sita katika vyuo vikuu vya Marekani wakisomea biashara, uongozi wa kiraia au utawala wa umma, kisha wakakutana Washington. Asiyepata nafasi ya kusafiri hakuachwa kabisa: kituo cha mpango huohuo kwa Afrika Mashariki kiliwekwa Chuo Kikuu cha Kenyatta, Nairobi.

Wakenya wana sababu ya kukunja uso wakisikia "ziara ya mafunzo". Wawakilishi wa wadi wamelaumiwa mara nyingi kwa safari za ng'ambo zinazolipiwa na umma na kuleta picha tu. Tofauti ilikuwa kwenye mchujo: kwa ufadhili huu mwombaji aliandika insha na kuhojiwa, akionyesha alichokwisha kukifanya kwao.