Sinema ya Kutisha na Watazamaji Wake (Sehemu ya 3): Ugomvi Juu ya Mwisho wa Haute Tension

Haute Tension ni filamu ya Kifaransa ya mwaka 2003, iliyoongozwa na Alexandre Aja na kuandikwa naye pamoja na Grégory Levasseur. Ni ya jamii ile ya filamu ambamo muuaji mmoja mwenye silaha ya makali huwamaliza watu mmoja baada ya mwingine, mpaka abaki msichana wa kupambana naye. Watazamaji wengi wanakubali kwamba kwa sehemu kubwa filamu hii inatia hofu ya kweli. Juu ya mwisho wake hawajapatana mpaka leo. Wapo wanaoiona kuwa kazi nzuri iliyojiharibu yenyewe, na wapo wanaosema kwamba bila mwisho ule isingekuwa na maana yoyote. Ugomvi huo unafaa kuchambuliwa kwa utaratibu, maana ndani yake limo swali kubwa la sanaa ya usimulizi: msimuliaji ana haki ya kumpoteza msikilizaji wake kwa kiasi gani? Uchambuzi wa namna hii hauwezekani bila kuufichua mwisho wenyewe, na hapa umefichuliwa wote.

Hadithi ni fupi. Marie (Cécile de France) na Alex (Maïwenn) ni wanafunzi wawili marafiki wanaokwenda mashambani kwa wazazi wa Alex ili wajisomee mitihani kwa utulivu. Usiku wa kwanza, lori kuukuu lililoota kutu linaingia uani. Anashuka mwanamume wa makamo aliyevaa ovaroli chafu na kofia (Philippe Nahon), anapiga kengele, na baba mwenye nyumba anapofungua mlango mauaji yanaanza. Mama anauawa, mtoto mdogo wa kiume anakimbilia kwenye mahindi na huko anapigwa risasi, Alex anafungwa minyororo na kuingizwa nyuma ya lori. Marie peke yake haonekani. Anatandika kitanda upesi ili kionekane hakijalaliwa, anafuta maji kwenye sinki, kisha anajificha huku buti za muuaji zikizunguka chumbani. Baadaye anamfuata rafiki yake ndani ya lori mpaka kituo cha mafuta, ambako mhudumu anauawa kwa shoka, na mwishowe msituni, ambako anamwangusha muuaji kwa nguzo ya ua iliyozungushiwa seng'enge.

Hapo filamu inageuka. Polisi waliofika kituoni wanaangalia picha za kamera ya usalama, na aliyeshika shoka ni Marie. Mwanamume mwenye ovaroli hajawahi kuwapo. Marie anampenda Alex mapenzi ambayo hajathubutu kuyatamka, na akili yake iliyogawanyika imezaa watu wawili: muuaji anayewaondoa wote waliosimama kati yake na mpenzi wake, na mwokozi anayekuja kumkomboa. Alex anapofunguliwa minyororo anamwona mtu mmoja tu, yule aliyewachinja wazazi wake. Anakimbia, Marie anamfukuza na msumeno wa mashine, na hadithi inaishia hospitalini, Marie akiwa amefungiwa chumbani na Alex akimtazama kupitia kioo.

Kundi la kwanza la watazamaji linapinga mwisho huu kwa hoja za mantiki, na hoja zao si nyepesi. Marie alifika pale nyumbani ndani ya gari la Alex. Basi lori lilitoka wapi? Yawezekanaje mtu mmoja aendeshe lori mbele na wakati huohuo aendeshe gari la mhudumu nyuma akilifukuza lori hilo? Tena, kabla wasichana hawajafika, filamu inamwonyesha mwanamume yule peke yake ndani ya lori lake kando ya mahindi, akiwa na kichwa cha mtu aliyemuua zamani. Marie hakuwapo pale, na wakati ule hakuna familia iliyokuwa imeguswa. Kama mwanamume huyo ni kivuli cha akili ya Marie, nani anayeona picha hiyo? Roger Ebert, mhakiki maarufu wa Marekani, aliipa filamu nyota moja kati ya nne, na miongoni mwa hoja zake ilikuwa hiyohiyo ya lori.

Kundi la pili linajibu kwamba maswali hayo yanamtaka Marie awe shahidi mwaminifu, wakati filamu haikuahidi hivyo hata mara moja. Picha za mwanzo kabisa zinamwonyesha akiwa na nguo za hospitali na majeraha mgongoni, akinong'ona kwamba hatamruhusu mtu yeyote kuingia tena kati yao, kisha akiuliza kama anarekodiwa. Kwa hiyo karibu yote yanayofuata ni maelezo yake, mbinu rejeshi inayopita katika akili ya mgonjwa. Dalili nyingine inatolewa garini, Marie anaposimulia ndoto ya kufukuzwa na kueleza kwamba aliyekuwa akimfukuza ni yeye mwenyewe. Ya tatu imo katika mpangilio wa matukio ya usiku ule. Marie anamwona Alex dirishani akioga. Muda mfupi baadaye, akiwa peke yake kitandani na tamaa yake, lori linaingia uani. Muuaji anafika wakati uleule tamaa inapofika. Kwa watazamaji hawa, jibu limekuwa wazi tangu mwanzo kwa mwenye macho ya kuona.

Hoja za pande zote mbili zikipimwa, ukweli umegawanyika. Utetezi unatosha kwa matukio ambayo Marie yumo ndani yake. Mbio za magari, kwa mfano, zinaweza kuchukuliwa kuwa hadithi aliyoibuni ili ajione mwokozi; kwa kweli alikuwa ndani ya lori na Alex muda wote. Lakini utetezi huo haulielezi lori lenyewe, ambalo lazima liwe limetoka mahali fulani ikiwa kweli Alex alibebwa ndani yake. Wala hauielezi vizuri picha ya muuaji kando ya mahindi, isipokuwa mtu akubali kwamba nayo ni uzushi wa Marie aliye hospitalini. Akikubali hivyo, anapoteza kipimo cha kutenganisha lililotokea na lisilotokea. Hapo ndipo kosa la kiufundi lilipo. Filamu ina haki ya kutumia msimuliaji asiyeaminika, lakini imhifadhie mtazamaji ardhi ya kukanyaga baada ya ukweli kufichuka. Haute Tension inampa ardhi hiyo mahali pamoja tu, kwenye picha za kamera ya usalama, na hapo panamweleza nani aliua bila kumweleza mauaji yalifanyikaje.

Watazamaji wa filamu hii si wa kwanza kulalamika hivyo. Mwaka 1926 Agatha Christie alichapisha The Murder of Roger Ackroyd, riwaya ambayo msimuliaji wake ndiye muuaji, na baadhi ya wasomaji walidai kwamba wamechezewa. Watetezi wake walionyesha kuwa msimuliaji hakusema uongo popote. Alinyamaza tu mahali palipomfaa. Katika sinema, Alfred Hitchcock alikwenda mbali zaidi na Stage Fright ya mwaka 1950, ambayo karibu na mwanzo wake ina tukio refu la mbinu rejeshi ambalo baadaye linagundulika kuwa ni uongo wa mhusika. Watazamaji walikasirika, na Hitchcock mwenyewe alimkiria mwongozaji mwenzake François Truffaut katika mazungumzo yao maarufu kwamba hakupaswa kufanya vile. Sababu ni kwamba mtazamaji huyaamini macho yake kuliko masikio. Mhusika akisema uongo kwa mdomo, mtazamaji hujihadhari. Kamera ikisema uongo, hana pa kukimbilia.

Ndani ya filamu za wauaji wa visu, mwisho wa kugeuza mambo umefanywa kwa namna mbalimbali, na kila namna imepokewa kivyake. Psycho ya Hitchcock, mwaka 1960, ilificha kwamba mama na mwana ni mtu mmoja, lakini matukio yaliyotangulia yakabaki kama yalivyoonekana. Maana yake tu ndiyo iliyobadilika. Friday the 13th ya mwaka 1980 ilimficha muuaji kwa kuifanya kamera kuwa macho yake, kisha ikamleta Bibi Voorhees karibu na mwisho. Watazamaji waliposema haikuwa haki, walimaanisha kwamba hawakupewa nafasi ya kumshuku mtu ambaye hawajamwona. April Fool's Day ya mwaka 1986 ilifichua kwamba hakuna aliyekufa, yote yalikuwa mzaha, na wengi waliolipia tiketi ili watetemeke walitoka wakihisi wametapeliwa. Scream ya mwaka 1996, iliyoongozwa na Wes Craven na kuandikwa na Kevin Williamson, ilitegua tatizo kwa kuweka wauaji wawili: kila mmoja alionekana hana hatia wakati mwenzake akiwa kazini. Ukiitazama mara ya pili, mambo yanaingiana, na ndiyo maana mwisho wake hauna maadui wengi.

Kipimo cha haki katika mambo haya kinajulikana kwa kila aliyelelewa na vitendawili. Mtegaji huficha jibu, lakini hulificha ndani ya maneno ya kitendawili chenyewe, na likishatajwa wasikilizaji huona kwamba lilikuwa mbele yao. Anayetega jambo lisilo na jibu ndani yake hastahili kupewa mji. Kwa kipimo hicho, Haute Tension imetega nusu kwa haki na nusu kwa hila.

Hata hivyo, hasira ya watazamaji haitokani na mantiki peke yake. Katika filamu za aina hii mtazamaji amezoeshwa kumwegemea steringi wa kike, yule msichana makini anayeona hatari mapema, anayejificha, na hatimaye anayeshika silaha. Mtaalamu wa Marekani Carol Clover alimchambua mhusika huyo kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1992, Men, Women, and Chain Saws, na kuonyesha jinsi watazamaji, hata wavulana waliojaa kumbini, wanavyohamia upande wake na kuogopa kupitia kwake. Aja anautumia mwelekeo huo mpaka mwisho. Kwa zaidi ya saa moja mtazamaji anapumua pamoja na Marie na kumwombea asionekane. Kisha anaambiwa kwamba alikuwa akimwombea muuaji. Wapo wanaoliona jambo hilo kuwa uvumbuzi mkubwa, kwa kuwa linamlazimisha mtazamaji kuhoji wepesi wake wa kumwamini anayehangaika mbele ya kamera. Wengine wanaliona ni usaliti: hofu waliyoitoa kwa dhati imegeuzwa kuwa kichekesho. Hakuna hoja ya lori inayoweza kuwapatanisha, kwa kuwa wanabishana juu ya imani.

Lipo pia lalamiko la tatu, nalo ni zito kuliko yote. Mwisho wa filamu unayaweka mapenzi ya mwanamke kwa mwanamke kuwa chanzo cha umwagaji damu. Marie hapewi neno hata moja la kueleza hisia zake kabla hazijageuka kisu. Sinema ya Magharibi ina historia ndefu ya kuwafanya watu walio nje ya mazoea ya jinsia na mapenzi kuwa wagonjwa au wauaji. Mfano wa karibu ni Sleepaway Camp ya mwaka 1983, ambayo mshituko wake wote umejengwa juu ya mwili wa mtoto wa kiume aliyelelewa kama msichana. Watetezi wa Aja husema kwamba kinachoua ni kukanwa kwa mapenzi, na kwamba Marie anamtengeneza mwanamume mchafu na katili kwa sababu ndiyo sura pekee ya tamaa anayoijua. Tafsiri hiyo inawezekana, na ina kina. Lakini filamu haikuifanyia kazi. Baada ya ukweli kufichuka zinabaki mbio na msumeno, na mtazamaji anaachwa ajitafutie mwenyewe huruma ambayo mwandishi hakuiandika.

Ubishi huu wote haukuizuia filamu kwenda mbali. Mwaka uleule wa 2003 ilionyeshwa Toronto, na katika tamasha la Sitges, Hispania, Aja alipata tuzo ya uongozaji na Cécile de France tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Picha za majeraha zilitengenezwa na Giannetto De Rossi, fundi Mwitaliano aliyewahi kufanya kazi na mwongozaji wa filamu za kutisha Lucio Fulci. Ilipoingia katika kumbi za Marekani mwaka 2005 ilikuwa imepunguzwa damu ili ipate daraja la R, lile la filamu ambazo watoto hawaingii bila mtu mzima, na mazungumzo mengi yalikuwa yametiwa sauti za Kiingereza. Watazamaji wa huko hawakuona filamu ileile waliyoiona Wafaransa. Baada ya hapo Aja alikabidhiwa kuitengeneza upya The Hills Have Eyes ya Wes Craven, iliyotoka mwaka 2006. Nchini Ufaransa, filamu nyingine kali za kutisha zilifuata, zikiwamo À l'intérieur ya mwaka 2007 na Martyrs ya mwaka 2008.

Hukumu ya haki juu ya Haute Tension haina budi kutenganisha mambo matatu ambayo mabishano huyachanganya. Kwa ufundi wa taharuki, yaani ukimya, sauti za hatua, na kamera inayokaa na mtu aliyejificha, ni kazi ya kiwango cha juu, na mwisho hauwezi kuifuta hofu iliyokwisha kuonjwa. Kwa uaminifu wa msuko, ina kasoro ya kweli ambayo haitibiki kwa kusema tu kwamba msimuliaji ni mgonjwa. Kwa maadili ya usawiri, ilibeba jambo zito la moyo wa binadamu na kulitumia kama mtego. Mtazamaji anayeipenda kwa sababu ya kwanza na anayeikataa kwa sababu ya pili au ya tatu wote wana haki, kwa kuwa kila mmoja anajibu swali lake. Mwongozaji anayetaka kugeuza hadithi dakika za mwisho ana la kujifunza hapa: mtazamaji husamehe kudanganywa pale tu anapoweza kurudi mwanzo wa filamu na kukuta kwamba ukweli uliwekwa pale kwa ajili yake.