Je, Wajua Ubongo wa Msaidizi Wako Uko Wapi?

Mwalimu wa Tarbaj anayetaka msaidizi wa akili mnemba amsaidie kutunga mtihani wa darasa ana njia mbili. Anaweza kufungua kivinjari, kama Chrome au Firefox, akaandika anwani ya ChatGPT, Claude au Gemini, akaingia kwa barua pepe yake na kuanza kuuliza. Au anaweza kupakua programu ya kompyuta, akaisakinisha, na tangu hapo akawa anaifungua kwa kubofya tu. Wengi huipenda njia ya pili kwa sababu moja: wanaamini kwamba kitu kikishasakinishwa kwenye mashine kitafanya kazi hata netiwaki ikipotea. Sivyo, na mahali kama Tarbaj imani hiyo humpotezea mtu bando na siku nzima ya kazi.

Tarbaj iko kaskazini mwa mji wa Wajir, kwenye barabara inayoelekea Kotulo, El Wak na hatimaye Mandera. Katika kaunti za Wajir na Mandera, wapiganaji wa al-Shabaab wameilipua minara ya simu si mara moja, na mnara mmoja ukianguka vijiji kadhaa hukatika mawasiliano kwa pamoja. Kwa mtu wa huku, swali la kwanza kuhusu msaidizi yeyote wa kompyuta ni hili: netiwaki ikienda, kitabaki nini?

Kwa programu ya ChatGPT au ya Claude, kitakachobaki ni dirisha tupu. Programu hizo zilitoka mwaka 2024, ya ChatGPT ikianzia kwenye kompyuta za Mac kabla ya kufika Windows. Unapoandika swali humo, kompyuta yako haifikirii lolote. Inalituma swali kwa mnara, linasafiri hadi kwenye kebo za baharini zinazotia nanga Mombasa, kama TEAMS na SEACOM zilizoanza kazi mwaka 2009, au kwa njia nyingine, mpaka lifike kwenye seva zenye vichakato vya nguvu kubwa. Huko ndiko jibu linakotungwa, kipande baada ya kipande, na ndiyo maana unaliona likijiandika kwenye kioo neno kwa neno. Kivinjari hufanya hivyohivyo. Tena programu nyingi za aina hii zimejengwa kwa Electron, mfumo unaobeba ndani yake Chromium, injini ileile iliyomo ndani ya Chrome. Anayesakinisha programu kama hiyo ameongeza kivinjari cha pili kwenye mashine yake, kilichovishwa kanzu nyingine.

Umbali nao unahesabika, hasa kwa anayetumia setilaiti badala ya mnara. Setilaiti za zamani za intaneti hukaa karibu kilomita 36,000 juu ya ardhi. Swali likipanda na kushuka, kisha jibu likapanda na kushuka, karibu nusu sekunde imekwisha kwa safari peke yake, hata kabla seva haijafanya kazi yoyote. Starlink, iliyoanza kutoa huduma Kenya mwaka 2023, hutumia setilaiti zilizo kilomita 550 hivi, kwa hiyo ucheleweshaji huo karibu hauonekani. Upande wa nchi kavu, Benki ya Dunia iliidhinisha mwaka 2020 mradi wa barabara ya Isiolo hadi Mandera kupitia Wajir, na mradi huo umepangiwa kulaza kebo ya faiba kandokando ya lami. Kwa Tarbaj, kebo hiyo ina uzito zaidi kuliko programu yoyote mpya itakayozinduliwa California.

Sasa bando. Maandishi ni mepesi ajabu: jibu la maneno 500 halizidi kilobaiti chache. Ukurasa wa msaidizi kwenye kivinjari hula megabaiti kadhaa unapoufungua mara ya kwanza, kisha kivinjari huhifadhi sehemu kubwa yake ili kisiipakue tena. Programu ya kusakinisha ni kinyume. Unalipa kwa mkupuo mmoja, mara nyingi zaidi ya megabaiti 100, halafu masasisho huja yenyewe bila kubisha hodi. Mwenye kompyuta iliyounganishwa kwa hotspoti ya simu anaweza kuona bando la wiki limeisha asubuhi moja ilhali ameuliza maswali matatu tu. Windows ina mpangilio wa kuitambulisha hotspoti kuwa ni mtandao unaolipiwa kwa kipimo, na ukiuwasha, mashine hupunguza kujipakulia vitu kimyakimya. Si programu zote zinazoutii, lakini ni vyema kuuwasha kabla ya jambo jingine lolote.

Kuna pia kumbukumbu ya mashine. Laptopu nyingi za shule na ofisi ndogo zina gigabaiti 4 za RAM. Programu iliyojengwa kwa Electron huweza kujitwalia mamia ya megabaiti, na ikiwa Chrome na Word ziko wazi pia, mashine inaanza kusuasua. Hapo kufungua kichupo kimoja zaidi kwenye kivinjari kilichokwisha kuwaka ni nafuu kubwa.

Programu ya kompyuta basi inafaa nini? Inafaa kwa faili. Chukua afisa anayepokea taarifa ya ukame ya Kaunti ya Wajir, ile ambayo Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame hutoa kila mwezi: bei ya mbuzi, umbali wa kwenda kwenye maji, hali ya malisho, hali ya lishe ya watoto. Kwenye kivinjari atazipandisha taarifa za miezi sita kwa mkono. Programu ya kompyuta yenye uwezo wa kufikia faili za mashine inaweza kuruhusiwa kusoma folda nzima na kumpangia bei za mbuzi za miezi yote kwenye jedwali moja. Kazi ya alasiri nzima inakuwa ya dakika chache. Lakini yaliyosomwa bado hutumwa kwenye seva. Kwa hiyo ipe programu folda moja ya kazi, usiipe mashine yote, na jedwali likija, linganisha tarakimu chache na taarifa yenyewe, maana wasaidizi hawa hukosea kwa sauti ileile wanayosemea kweli.

Kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi, iwe ya saiba, ya chumba cha walimu au ya zahanati, mimi sioni hata la kujadili. Tumia kivinjari, fungua dirisha la faragha, na ukimaliza toka kwenye akaunti. Programu iliyosakinishwa hukaa imeingia kwa jina lako, na anayekuja baada yako anasoma kila ulichouliza. Julai 2024 iligunduliwa kwamba programu ya ChatGPT ya Mac ilikuwa ikihifadhi mazungumzo kwenye diski bila kuyasimba, hivi kwamba programu nyingine kwenye mashine hiyo ingeweza kuyasoma. OpenAI, kampuni yenye ChatGPT, ilitoa toleo jipya linaloyasimba, ila funzo linahusu kila programu inayoweka nakala kwenye mashine yako. Muuguzi anayeuliza kuhusu mgonjwa aliache jina nje kabisa, kwa njia yoyote ile. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti.

Ipo njia ya tatu, na hiyo ndiyo inayonivutia zaidi nikilifikiria eneo hili: kuuhamishia ubongo wenyewe nyumbani. Tangu Meta ilipotoa modeli za Llama mwaka 2023, na Google ikafuata na Gemma mwaka 2024, mtu anaweza kupakua modeli na kuiendesha kwenye laptopu yake kwa programu za bure kama Ollama. Modeli ni rundo la namba. Yenye namba bilioni 7, kila moja ikichukua baiti 2, ni gigabaiti 14. Wataalamu wakazibana namba hizo hadi wastani wa karibu biti 5 kila moja, na rundo likashuka hadi gigabaiti 4 na ushei, likaingia kwenye mashine yenye RAM ya gigabaiti 8. Ikishapakuliwa haihitaji mnara, kebo wala setilaiti, na swali lako halitoki chumbani.

Kasoro zake ni za kweli. Kwenye laptopu ya kawaida hutoa maneno machache tu kwa sekunde. Kichakato hufanya kazi kwa nguvu zote, feni hupiga kelele, na kwa joto la mchana wa Wajir, pamoja na vumbi, mashine huchemka na betri huisha mbio. Anayetegemea sola afanye kazi hiyo jua likiwa juu. Modeli ndogo pia hujua mambo machache kuliko zile za kwenye seva, na hudhoofika zaidi nje ya Kiingereza. Kwa Kiswahili kuna juhudi za hapa nyumbani: Jacaranda Health, shirika la afya ya uzazi nchini Kenya, lilitoa mwaka 2023 UlizaLlama, modeli ya Llama iliyofundishwa zaidi Kiswahili. Kwa Kisomali, lugha ya nyumba nyingi za Tarbaj, modeli ndogo bado zinayumba sana, na jibu lolote lisitumike kabla halijapita mbele ya mtu anayeijua lugha na kazi.

Gigabaiti 4 ni nyingi mno kupakua kwa hotspoti, lakini si lazima kila mtu apakue. Mmoja akiipata kwenye intaneti nzuri mjini Wajir au Nairobi, faili inahamishika kwa flashi kutoka mashine hadi mashine. Kuna kikwazo kimoja kinachowakwamisha wengi dakika ya mwisho: flashi nyingi huja zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayofika gigabaiti 4, hata kama flashi yenyewe ni ya gigabaiti 32 na haina kitu. Ipange upya kwa exFAT kabla ya kuondoka mjini, na kwanza utoe vilivyomo, maana kupanga upya hufuta kila kitu.